Pale Penye Kiraka: Namna ya Kulipima Wazo la Biashara ya Mtandaoni

Mwaka jana, mwezi wa pili, kijana mmoja wa Mtwapa alinijia na wazo lake ameliandika kwenye daftari la shule. Alitaka kutengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha wavuvi na hoteli moja kwa moja. Mvuvi akipata nguru au kolekole, anampiga picha kabla chombo hakijafika pwani. Mpishi wa hoteli huko Nyali anaiona picha, anaagiza, analipa kwa M-Pesa, na samaki anaingia jikoni macho yangali yanang'aa. Dalali hayupo kati. Mvuvi anapata zaidi, hoteli inatoa pungufu.

Nililisoma daftari lote mbele yake. Sikuona sentensi ya kuikosoa, na bado nilihisi kuna mahali panapovuja. Nikamwomba anipe juma moja. Kazi yangu ni kuandika hesabu za maduka ya watu pale Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa sababu hiyo vijana hunijia mara kwa mara na mawazo ya biashara za mtandaoni, wakidhani anayejua vitabu vya maduka lazima ajue na haya. Nilipokaa kujiuliza kwa nini wazo safi kama lile linanitia shaka, niliona kwamba sijawahi kujieleza hata mwenyewe wazo la kipumbavu hutambulikanaje, na lenye tumaini hutambulikanaje. Makala haya yametokana na juma lile.

Sikio halitoshi

Oktoba 2007 mjini San Francisco kulikuwa na mkutano wa wabunifu, na hoteli zilijaa. Vijana wawili waliokuwa wamebanwa na kodi ya nyumba, Brian Chesky na Joe Gebbia, walitandika magodoro ya kujaza upepo nyumbani kwao wakawalaza wageni watatu, kila mmoja kwa dola 80 kwa usiku. Mwaka uliofuata, wakiwa na mwenzao wa tatu, walikutanishwa na wawekezaji saba wakiomba dola 150,000. Watano walikataa, wawili hawakujibu. Ukilisikia wazo lile kwa mara ya kwanza utawaelewa waliokataa: nani atamlaza mtu asiyemjua chumbani kwake, na nani atalipa ili alale huko? Desemba 2020, kampuni yao, Airbnb, ilipouza hisa zake kwa umma, thamani yake ilipita dola bilioni 100 siku ileile ya kwanza.

Google ilikataliwa kwa sababu iliyo kinyume. Wazo lake halikuwa geni, lilionekana limeshachakaa. AltaVista, Lycos na Yahoo zilikuwapo, na watu waliona kutafuta kurasa mtandaoni ni kazi iliyokwisha. Mwaka 1999 kampuni ya Excite ilipewa nafasi ya kuinunua Google kwa dola milioni moja hivi, ikaiacha.

Kisha yapo mawazo yaliyoingia masikioni kama asali. Quibi ilikusanya dola bilioni 1.75 ili kutengeneza vipindi vifupi vya kutazamwa kwenye simu, chini ya Jeffrey Katzenberg na Meg Whitman, watu waliokwisha kuongoza makampuni makubwa ya filamu na ya kompyuta. Ilifunguliwa Aprili 2020. Oktoba ya mwaka uleule ikatangaza kwamba inafunga.

Kwa hiyo utamu au uchungu wa wazo masikioni haukwambii mengi. Lakini naomba hapa tuwe waangalifu, maana kuna hoja ninayoisikia kila wiki: "Hata Airbnb walikataliwa." Kukataliwa si dalili ya lolote. Mawazo mengi mno yalikataliwa yakafa kimya, na hayo hayana wa kuyasimulia. Tunayajua machache yaliyoibuka, tukadhani kukataliwa ndiko kulikoyaibua.

Kutafuta kiraka

Nguo hutiwa kiraka pale ilipochanika. Hakuna anayekishona mahali pazima. Katika biashara, kiraka ni ule ujanja wa taabu ambao watu wamejibunia wenyewe kabla hujatokea wewe na programu yako. Ukikikuta, umeshajua kwamba tatizo lipo, na kwamba linauma kiasi cha kumfanya mtu ahangaike, apoteze muda au atoe pesa. Usipokikuta popote, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo liko kichwani mwako tu.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni M-Pesa. Kabla ya 2007, mtu wa Mombasa aliyetaka kumpelekea mamake pesa Taveta au Kitui alizitia kwenye bahasha akampa dereva wa basi, au alikwenda Posta, au alimsubiri jamaa anayesafiri. Wengine walinunua muda wa maongezi wakautuma kwa simu, na aliyeupokea akauuza mtaani ili apate taslimu. Tundu moja lilikuwa na viraka vinne juu yake.

Na hata hivyo waliobuni M-Pesa hawakuanza na tundu hilo. Majaribio ya mwaka 2005, yaliyogharimiwa na Vodafone pamoja na idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, yalikusudiwa kuwawezesha watu waliochukua mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Waliopewa huduma ile wakaitumia wapendavyo. Walitumiana pesa. Waliweka kabla ya safari wakatoa walipofika, wasije wakaibiwa njiani. Wasimamizi wa majaribio wakawa na busara ya kutazama watu wanafanya nini badala ya kuwasukuma warudi kwenye mpango. Safaricom ilipoizindua huduma Machi 2007, mikopo haikutajwa tena. Tangazo lilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mwaka haukwisha kabla wateja hawajapita milioni moja.

Wazo lile la kwanza halikuwa baya. Lilikuwa dogo tu kuliko yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari kwa mabahasha.

Sasa itazame Airbnb kwa jicho hilohilo. Kwetu Pwani, Desemba watu wa bara wanaposhuka, nyumba za Bamburi na Shanzu zilikuwa zikikodishwa kwa siku kupitia mlinzi wa getini au shemeji wa mtu tangu zamani, kabla yeyote hajasikia jina la kampuni ile. Mgeni alikuwa akilala kwa mtu asiyemjua na akilipa, na njia pekee ya kujua kama nyumba ni nzuri ilikuwa neno la shemeji. Mwenye macho ya viraka hangeliona wazo lile kuwa la ajabu. Angeuliza tu kama neno la shemeji linaweza kubadilishwa na picha, maoni ya waliotangulia kulala, na malipo yanayoshikiliwa na mtu wa kati.

Mji wetu umejaa viraka. Mpe kondakta wa matatu ya Malindi mzigo, andika namba ya gari, mtumie nduguyo aende akaupokee stendi. Tazama wauzaji wa leso wa Biashara Street wanaopiga picha kila toleo jipya, wanaliweka WhatsApp, kisha wanaandika oda za wateja wa Lamu na Tanga kwenye daftari lenye mafuta ya mahamri. Tazama watu wa kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, wanaoulizana kwenye makundi ya simu kontena limefika wapi, au mweka hazina wa chama anayenakili jumbe za M-Pesa moja moja kila mwisho wa mwezi hadi usiku wa manane. Kila kimoja kati ya hivi kinastahili kutazamwa kwa siku kadhaa kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa programu.

Lakini viko viraka vilivyoshonwa vizuri kuliko nguo yenyewe. Kondakta wa Malindi ni mmoja wao. Anachukua pesa kidogo, anaondoka kila baada ya muda mfupi, mzigo unafika siku ileile, na anajulikana kwa sura. Nimeona vijana zaidi ya watatu wakija na programu ya kupeleka mizigo Malindi, na wote walikuwa wanashindana na kondakta bila kujua. Kuona kiraka kunakwambia tundu liko wapi. Hakukwambii kama uzi wako ni bora.

Dalali anafanya kazi gani?

Hapa ndipo nilipolirudia wazo la samaki, na ndipo nilipotumia siku nyingi zaidi za juma lile, kwa sababu mawazo mengi sana ya mtandaoni yana sentensi hii ndani yake: "Tutamwondoa dalali."

Katika uvuvi wa pwani yetu mtu huyo wa kati huitwa tajiri. Kijana wangu alimwona kama mtu anayesimama ufukweni, ananunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Hilo analifanya. Lakini mfuate nyuma uone mengine. Nyavu, mara nyingi, ni zake. Mashine ya boti amechangia yeye. Petroli ya asubuhi ameitanguliza yeye. Unapoingia upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba kwa siku nyingi, na samaki wanapungua. Miezi hiyo anayetoa unga, karo na pesa za hospitali ni yeye. Deni halilipwi kwa riba inayotajwa, linalipwa kwa ahadi kwamba kaskazi, msimu wa bahari tulivu, ikirudi, samaki watauzwa kwake, kwa bei yake.

Isitoshe, anachukua mzigo wote. Hoteli inataka nguru na kolekole na kamba wakubwa. Haitaki tafi wadogo waliopanda na wavu uleule. Tajiri anachukua wote, anachambua, wakubwa wanakwenda kwenye barafu, wadogo wanachukuliwa na akina mama karanga, wale wanawake wanaokaanga na kuuza mitaani. Na hoteli haimlipi mtu ufukweni. Inapokea hati ya madai, inalipa baada ya wiki kadhaa. Mvuvi anataka pesa yake leo, kabla hajafika nyumbani. Anayeuziba mwanya huo wa wiki kadhaa kwa mfuko wake ni nani?

Kwa hiyo ile tofauti ya bei ambayo daftari la kijana liliiita wizi, ukiifungua utakuta ndani yake riba ya mkopo, bima ya msimu mbaya, barafu, kazi ya kuchambua, hasara ya samaki walioharibika, na subira ya kumngoja mlipaji. Programu ya simu iliyoandikwa daftarini haikuwa inafanya hata moja kati ya kazi hizo. Ilikuwa inapiga picha.

Sisemi tajiri ni mtu wa kuonewa huruma. Wapo wavuvi waliozeeka ndani ya deni la nyavu, na wana wao wakalirithi, na hilo linaniuma kama linavyomuuma yeyote aliyekulia karibu na bahari hii. Ninachosema ni kwamba ukitaka kumwondoa, lazima uijue orodha nzima ya kazi zake, kisha uchague moja ambayo wewe unaweza kuifanya kwa nafuu au kwa haki zaidi. Njia ninayoipendekeza ni ya mtu wa hesabu: chukua kila shilingi anayobaki nayo dalali, uiandikie kando ni malipo ya kazi gani. Shilingi zitakazobaki bila kazi ndizo faida yako inayowezekana. Mara nyingi ni chache kuliko ulivyodhani, na mara chache ni nyingi mno, na hapo ndipo penye biashara.

Hesabu ya sahani moja

Wazo likishapita hapo, mimi huomba nionyeshwe hesabu ya oda moja. Ya mwaka wa tatu, tukishakuwa na wateja laki mbili, sina haja nayo kwa sasa. Naomba oda moja, ya leo.

Tuseme sahani ya biriani ya Mji wa Kale ni shilingi 400. Mwenye mkahawa anakupa kamisheni ya asilimia 15, yaani shilingi 60. Mteja wa Nyali analipa shilingi 100 za kupelekewa. Mkononi mwako kuna 160. Mwenye bodaboda anataka 150. Umebaki na shilingi kumi, na bado hujagharimia utumaji wa pesa, hujamfidia mteja ambaye mchuzi umemwagika njiani, na hujatoa punguzo la shilingi 50 uliloliandika kwenye tangazo. Ukilitoa, kila sahani inakula shilingi 40 zako. Mteja akiwa Likoni, ongeza muda ambao bodaboda inangoja feri.

Jibu ninalopewa hapa ni kwamba wateja wakiwa wengi mambo yatakaa sawa. Ukipoteza shilingi 40 kwa sahani moja, sahani elfu moja zitakupotezea elfu arobaini. Wingi unasaidia pale tu ambapo kuna gharama inayogawanyika: jiko moja, safari moja, mshahara mmoja. Kozmo, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1998, ilimpelekea mtu wa mjini aiskrimu au kanda ya video ndani ya saa moja bila malipo ya kupeleka. Watu waliipenda sana, na Aprili 2001 ikafa. Hapa kwetu, Kune Food ya Nairobi, iliyopata dola milioni moja za kuanzia mwaka 2021, ilifunga Juni 2022 ikieleza kwamba bei ya dola tatu kwa mlo haikutosha kuibeba. Ilikuwa inashindana na kibanda, ambacho hakina ofisi wala pikipiki, na mpishi wake anamjua mteja kwa jina.

Sasa badilisha umbo la wazo lilelile. Ofisi za upande wa Moi Avenue zinaagiza kabla ya saa nne asubuhi. Sahani kumi na mbili zinatoka mkahawa mmoja, safari moja, saa saba kasorobo. Kamisheni ni 720. Kila mteja analipa 50 tu, jumla 600. Una 1,320. Bodaboda umpe 200 akushukuru. Kwa kila sahani umebaki na shilingi 93 hivi, badala ya kumi, na mteja amelipa nusu ya malipo ya kupelekewa. Biriani ni ileile, mji ni uleule. Ndiyo maana sipendi kusema wazo fulani ni la kipumbavu kabla sijaona umbo lake, na ndiyo maana mtu akiniuliza, "Je, kupeleka chakula ni wazo zuri?" sina la kumjibu.

Webvan ndiyo somo kubwa zaidi la umbo na wakati. Ilitaka kuwapelekea watu vyakula vya dukani nyumbani. Mwaka 1999 ilitia saini mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel ili ijengewe maghala katika miji mingi, kabla haijathibitisha kwamba ghala la kwanza linajilipa. Julai 2001 ikafilisika. Kwa miaka kadhaa wawekezaji walichukulia kwamba kupeleka vyakula vya dukani ni upumbavu uliothibitishwa. Mwaka 2012 Instacart ikaanza San Francisco bila ghala hata moja: mtu mwenye simu anaingia duka lililopo, ananunua, anapeleka. Septemba 2023 iliingia soko la hisa. Hitaji la mteja halikuwa limebadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu alikuwa na simu mfukoni inayojua yuko wapi, na maghala yakawa ni maduka ya watu wengine.

Swali la "kwa nini sasa?" sisi wa Mombasa tuna haki ya kulijua kuliko wengi. Waya wa intaneti wa TEAMS, uliopita chini ya bahari kutoka Fujairah ya Falme za Kiarabu, uliingia nchi kavu hapa Mombasa Juni 2009, na Julai mwaka uleule waya mwingine, SEACOM, ukawashwa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na wengi wetu tulikuwa tukikaa saiba, yale maduka ya intaneti ya kulipia, tukihesabu dakika. Mtu aliyetaka kufundisha masomo ya ziada kwa video hapa mjini mwaka 2006 alikuwa na wazo zuri na waya haukuwapo. Baada ya miaka michache wazo lilelile lilikuwa la kawaida kabisa. Kwa hiyo usilicheke wazo kwa sababu lilishindwa zamani. Uliza kilichokuwa kinakosekana, kisha uone kama kimeshakuja.

Mteja akirudi, anarudi kwako?

Hili nitalieleza kwa ufupi. Kila mwaka mtu huniletea programu ya kumtafutia mteja fundi: wa friji, wa bomba, wa umeme. Kiraka kipo wazi, maana sote tunapiga simu kumi kumtafuta fundi asiyetuibia. Tatizo linakuja baada ya kufanikiwa. Fundi mzuri akishafika nyumbani kwako, unachukua namba yake, na mara ya pili humhitaji mtu wa kati. Programu imefanya kazi vizuri na kwa hiyo haitumiki tena. Homejoy ya Marekani, iliyokuwa ikiwatafutia watu wa kusafisha nyumba, ilisumbuliwa na hilo pamoja na mengine, ikafunga Julai 2015. Teksi ni tofauti: unamtaka aliye karibu nawe dakika hii, na kesho atakuwa mwingine, kwa hiyo kila safari unarudi kwa aliyekukutanisha.

Programu ya harusi nayo ina swali lake. Bibi harusi unampata mara moja, na tunamwombea iwe mara moja. Lakini mpishi wa pilau, mwenye mahema, mpambaji na fundi wa hina wana harusi kila wikendi. Ukiwachukulia hao kuwa ndio wateja wako, wazo lililokuwa dhaifu linaanza kupata miguu.

Adabu zetu na ukweli

Hapa Pwani kuna kikwazo ambacho sijaona kikiandikwa. Sisi ni watu wa staha. Ukimpelekea mtu wazo lako atasema "Mashallah, zuri sana," na ukimuuliza kama atanunua atasema "Inshallah." Hakudanganyi. Anakutunzia heshima yako. Mtu anaweza kukusanya mashallah mia moja kutoka Kisauni hadi Changamwe, akaenda kukopa kwa nguvu ya hizo, na siku ya kufungua asimwone hata mmoja.

Kwa hiyo usimuulize mtu kuhusu wazo lako kabisa. Muulize kuhusu maisha yake. "Shangazi, mara ya mwisho ulipokosa samaki ilikuwa lini? Ulifanyaje? Nauli ilikuwa ngapi?" Akianza kuhesabu kwa vidole, kuna jambo. Akisema "Ah, hutokea tu, mwanangu," jambo hilo halimuumi, hata kama linakuuma wewe. Na ukishaelewa, omba arbuni. Shilingi 50 anayotoa mtu leo kwa kitu ambacho bado hakijatimia ina uzito kuliko mashallah zote za mji huu, kwa sababu hapo staha imekwisha na hesabu imeanza.

Juma lilipokwisha nilimwambia yule kijana niliyoyaona, na nilimwambia polepole, maana daftari lile lilikuwa na miezi ya kazi ndani yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba twende pamoja kwenye pwani yao wanakoshusha samaki, asubuhi, bila kuuza wala kueleza chochote. Tulikwenda mara tatu. Wavuvi hawakuwa na mengi ya kutuambia. Waliokuwa na mengi ni akina mama karanga. Wanatoka nyumbani alfajiri, wanapanda tuktuk, wanafika na kukuta vyombo havijarudi au vimerudi vitupu, na nauli imeshakwenda. Na walikuwa na kiraka: wanampigia simu mwanamke mmoja anayekaa karibu na maji, awaambie kama kuna kitu. Siku moja moja wanampa samaki wa mboga. Siku nyingine hapokei, analala.

Kijana akaliweka daftari kando. Akaanza na ujumbe mfupi wa simu kila alfajiri: vyombo vingapi vimerudi, na samaki gani, na wengi au wachache. Hakutengeneza programu yoyote. Alimlipa kijana mwenziwe anayelala ufukweni pamoja na wavuvi amtumie habari. Alitoza shilingi 50 kwa wiki, arbuni ya wiki ya kwanza mbele. Wanawake kumi na mmoja walilipa. Mwezi wa nne kusi ilipoanza, vyombo vikapungua, naye akaogopa kwamba sasa hana la kuuza, maana ujumbe wa siku nyingi ulikuwa ni neno moja tu, hakuna. Alikwenda kwa mama mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kutoa arbuni, akamwambia kwamba ataona aibu kuendelea kuchukua pesa zake, heri huduma isimame mpaka kaskazi irudi.

"Kaskazi samaki wako kila siku," yule mama akamwambia. "Nikitoka tu nawapata, sihitaji kuambiwa na mtu. Mimi, mwanangu, ninakulipa kwa ajili ya kusi."